Kumi na Moja kwa Ishirini

3 Februari

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti hayakusumbui sana, na masikio yamekuachia japo sauti ya mlango. Mimi sijambo, ila baridi ya huku imenipasua midomo.

Najua umeigeuza bahasha mara mbili kuhakikisha ni mwandiko wangu. Ni wangu. Miaka minne sijakuandikia, tangu uliponirudishia ile barua yangu ya msiba wa Mama. Habari zako nazipata kwa Kaka, naye huniambia tu kwamba umzima. Fundi bomba akiwa kazini hana maneno mengi, unamjua.

Sasa shida imenirudisha. Hapa kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, wametutangazia kwamba mtunzaji asiye na cheti cha Kiingereza hataongezewa mkataba ukiisha mwezi wa saba. Mtihani nimeshaufanya mara mbili na mara zote nimeanguka, mara ya pili kwa alama tatu tu. Wa mwisho ni tarehe kumi na nane Juni. Nikianguka tena nafunga mizigo, na miaka yangu saba ya huku imekwenda bure.

Kuongea na wazee naweza. Kinachoniangusha ni vile vitenzi vidogo vinavyotangulia vitenzi vingine, can, must, should, might, na vielezi vinavyojipenyeza katikati yake. Halafu kuna vile vitenzi vinavyoshikana mikono na neno dogo, look after, put off, get over. Nikikutana navyo kwenye karatasi, akili inaruka. Mwalimu wa hapa amenieleza mara tano. Mara ya tano nikamwambia nimeelewa, kwa aibu tu.

Ndipo nikakumbuka kwamba ninaye mwalimu nyumbani. Umefundisha watoto wa watu miaka thelathini na minne, na wakafaulu. Wa kwako, aliyelala chumba cha pili, ndiye aliyekushinda. Ningekupigia simu, lakini husikii. Ningemtumia Kaka ujumbe akuonyeshe, lakini haya si mambo ya kupitia mkononi mwa mtu, hata akiwa Kaka.

Utanifundisha?

Binti yako wa mwisho


24 Februari

Kwa binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima. Magoti yanalalamika, lakini kwa kuwa siku hizi sisikii malalamiko ya mtu yeyote, nayo nayaacha yaseme. Barua yako kaileta jirani yetu mshonaji. Alikuja mbio akiipunga na kupiga kelele, nami nikadhani nyumba inaungua, nikatoka na ndoo.

Umeuliza kama nitakufundisha. Nimekwisha nunua daftari jipya.

Anza hapa. Hivyo vitenzi vidogo unavyoviogopa havibebi mzigo wowote. Vinasimama mlangoni na kumwambia mgeni mwenye nyumba ameamkaje leo. Must anasema hakuna ujanja, lazima. Should anashauri. Might anasema huenda, tusubiri. Kielezi kikija, kipitishe katikati, baada ya kitenzi kidogo na kabla ya kitenzi kikuu. You should always knock, yaani yakupasa kubisha hodi kila mara. Usikisukume mwisho wa foleni kama ulivyokuwa ukikisukuma tangu darasa la tano.

Na vile vinavyoshikana mikono, usivitafsiri kimoja kimoja. Look peke yake ni kutazama. Akimshika mkono after, wanakuwa kutunza. Akiandamana na down on, wanakuwa kudharau. Angalia anatembea na nani, ndipo utajua atafanya nini. Mama yako alikuwa akisema hivyohivyo kuhusu kaka yako.

Niandikie sentensi kumi. Kila moja iwe na kitenzi kidogo, kielezi, na wawili walioshikana mikono. Ziwe za kazi yako, si za kuokota kitabuni. Nitasahihisha kwa kalamu nyekundu kama kawaida, na usiinunie. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Hilo la barua ya zamani nimeliona. Tuanze na kazi kwanza.

Baba yako,
Mwalimu


17 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje? Mimi sijambo, midomo imepona. Maelezo yako ya mlangoni nimeyanakili na kuyabandika ndani ya kabati langu la kazini. Mwenzangu wa zamu ya asubuhi ameniuliza ni sala ya dini gani.

Nimepata msaidizi. Kuna bibi mmoja hapa, tunamwita Bibi wa Chumba cha Tisa, aliyekuwa karani wa posta mpaka alipostaafu. Nikimchana nywele nampa sentensi, naye anazionja kama mchuzi, hii ina chumvi, hii haina. Mwili umemchoka lakini ulimi bado una nguvu. Siku moja nilimwambia kwamba mwalimu wangu ni baba yangu, tena kwa barua. Akafurahi mno. Akanisimulia kwamba kazini kwao kulikuwa na rafu nzima ya barua zilizokosa wa kuzipokea, na kwamba katika miaka yake yote hakuna kilichomuumiza kama kupangusa vumbi kwenye rafu ile. Akaniuliza kwa nini nimeacha kumchana.

Sentensi zako ziko karatasi ya pili. Ya kwanza ni You should always look after her feet, yakupasa kuitunza miguu yake daima. Ya pili ni She can hardly get up, anainuka kwa taabu. Zote ni za kazi, kama ulivyoagiza, isipokuwa ya saba. Hiyo naiandika hapa.

You could easily have written back.

Kwa lugha ya Mama: ungeweza kabisa kunijibu.

Baba, acha niseme. Mama alipofariki, karatasi zangu za ukaazi zilikuwa hazijatoka. Ningetoka, nisingeruhusiwa kurudi. Nikaketi kitandani nikakuandikia. Niliandika kwa Kiingereza kwa sababu nilitaka, katika siku mbaya kama ile, upate angalau kitu kimoja cha kukufurahisha kutoka kwangu. Siku tatu nilikuwa na kamusi mapajani. Mwezi na nusu baadaye bahasha yako ikafika, nikaibusu kabla ya kuifungua. Ndani mlikuwa na barua yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeanza na Mama is go, nikitaka kusema Mama ameondoka, nawe ukapiga mstari ukaandika pembeni: zingatia nyakati. Nilikuwa nimekuuliza maswali manne, nikasahau alama za kuuliza. Ukaniwekea zote nne kwa wino mwekundu, na hukujibu swali hata moja. Chini kabisa ukaandika kumi na moja kwa ishirini.

Barua haisahihishwi, Baba. Barua hujibiwa.

Hiyo methali yako ya mchelea mwana kulia naijua. Mimi nililia mpaka nikaumwa kichwa. Kama nawe ulilia sijui, hukuniambia.

Sentensi ya nane hadi ya kumi ziko nyuma ya ile karatasi. Sahihisha.

Binti yako


7 Aprili

Kwa binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima. Karatasi zako nimezipokea.

Sentensi tisa nimezisahihisha. Saba ni sahihi. Mbili umesukuma tena kielezi mwisho wa foleni. Put off ni kuahirisha, umeitumia vizuri.

Sentensi ya saba sikuitia alama.

Zoezi la pili liko nyuma. Ligawe, fanya kidogo kila siku, haba na haba hujaza kibaba. Zimebaki wiki kumi.

Baba yako,
Mwalimu


29 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, natumaini nawe pia.

Nimepokea zoezi la pili pamoja na barua ya nusu ukurasa. Nilikutolea yote yaliyokuwa moyoni mwangu, nawe umenijibu habari za foleni. Nimeisoma mara tatu nikitafuta kama kuna neno limejificha mahali. Nikaigeuza hata upande wa pili, nikakuta zoezi.

Nisikunyime haki yako. Wiki iliyopita niliandika taarifa ya zamu, kwamba Bibi wa Chumba cha Tisa huenda aliteleza bafuni na kwamba asiachwe tena peke yake. Huenda na asiachwe, yote mawili kwa Kiingereza, na kila neno mahali pake. Msimamizi akaisoma, akatia saini, hakunirudishia. Ni mara ya kwanza tangu nianze kazi. Hiyo ni kazi ya mikono yako na nakushukuru kwa moyo mweupe. Bibi mwenyewe hakuvunjika kitu, anasema kuteleza si kuanguka.

Lakini Baba, nilikuwa nikimtafuta baba. Mwalimu nilikuwa naye toka zamani.

Zoezi nitalifanya ila sitalituma. Bibi atanisikiliza, na mengine nitajua mwenyewe. Mtihani ni wangu, nikianguka nimeanguka mimi. Usijisumbue kwenda posta na magoti hayo.

Binti yako


20 Mei

Kwa Chiriku,

Hujambo mwanangu? Na Bibi wako hajambo? Mimi mzima wa mwili.

Jina hilo sijaliandika tangu siku ulipoingia darasani kwangu. Nyumbani ulikuwa ukisema toka kuamka mpaka kulala, na mama yako alikuwa akisema siku ukinyamaza tukuite daktari. Kisha ukapanda darasa la tano, ukawa mwanafunzi wangu, ukanyamaza mwaka mzima. Mimi sikumwita mtu. Niliandika kwenye ripoti yako kwamba una nidhamu.

Barua yako ya mwisho nimekaa nayo siku tatu. Nilianza majibu manne, na yote yakageuka kuwa mafunzo. Kwa hiyo leo sifundishi, naomba kitu kimoja tu. Ile barua bado unayo? Kama hukuichana, niletee. Siwezi kuitia wino mwekundu hata nikitaka, kwa sababu kalamu nimempa jirani mshonaji, anachorea vitambaa kabla ya kukata. Amefurahi sana. Ananiambia inaandika vizuri, au ndivyo nilivyoelewa kwa kumtazama mdomo.

Siku ya mtihani kula kwanza. Soma kila swali mara mbili. Usiogope. Neno hilo la mwisho nimelifuta na kuliandika tena mara mbili, maana sikumbuki kama nimewahi kukuambia.

Baba yako


21 Juni

Kwa Baba yangu,

Shikamoo Baba. Mimi mzima, nimechoka tu, lakini ni uchovu mzuri wa mtu aliyetua mzigo. Nawe? Magoti?

Nimeufanya. Barua yako ilikuwa kwenye mkoba, na nilikula kwanza kama ulivyosema. Nilikula vipande vinne vya mkate, hata nikaogopa usingizi usije ukanipata ukumbini. Karatasi ya kuandika haikunitisha. Vile vitenzi vidogo nilivikuta vimesimama mlangoni kimoja kimoja, nikavisalimia nikapita.

Sehemu ya kuongea ndiyo niliyokuwa nikiiogopa, kwa sababu unakaa na mtu mzima mezani, uso kwa uso, ana kalamu. Akaniambia nimweleze kuhusu kitu chochote cha nyumbani kwetu ambacho singependa kipotee. Nilikuwa nimejiandaa kusema saa ya ukutani, maneno yake nilikuwa nayo yote. Mdomo ukasema kiti cha Mama. Nikamweleza kile kiti cha mbao cha karibu na dirisha, mguu mmoja ulivyofungwa waya na Kaka, na Mama alivyokuwa akikikalia jioni akichambua mchele huku wewe unasahihisha madaftari. Nikamweleza kwamba ulipokuwa ukisoma makosa ya wanafunzi kwa sauti, yeye asiyejua neno la Kiingereza ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote. Yule mtu aliacha kuandika, akawa ananitazama. Muda ukaisha bado nasema. Sijui kama ni dalili njema au nimemchosha.

Majibu yatatoka katikati ya mwezi ujao. Nitamtumia Kaka ujumbe siku hiyohiyo akuonyeshe, habari hiyo haina siri.

Uliuliza kama niliichana. Nilijaribu mara moja, nikaanzia kona, utaona. Mkono ukakataa. Imo humu ndani, imekunjwa kama ulivyoikunja wewe. Nimekaa nayo miaka minne na kuhama nayo vyumba vitatu. Sijui unaitakia nini, lakini nakutumia.

Chiriku wako


19 Julai

Kwa mwanangu Chiriku,

Hujambo, kipenzi changu? Mimi mzima sana. Jana kaka yako aliacha bomba la watu linamwaga maji, akaja mbio kunionyesha simu. Umefaulu! Nilisimama bila kushika meza, magoti yakasahau kazi yao. Jirani mshonaji alidhani nimeanguka, akaingia na mkasi mkononi. Hongera, mwanangu. Hongera sana. Sikuuliza umepata alama ngapi na usiniambie.

Mpe Bibi wa Chumba cha Tisa salamu zangu. Mwambie kuna barua moja nimeipangusa vumbi.

Ilifika salama, na kona yake iliyochanika. Kwanza nilitaka kuutoa wino mwekundu. Nilitumia kifutio, kisha wembe, mpaka karatasi ikatoboka pale kwenye kumi na moja. Kwa hiyo nimekaa nikaiandika upya yote kwa mkono wangu, kwa wino wa buluu, neno kwa neno kama ulivyoiandika wewe. Sikurekebisha kitu. Mama is go nimeiacha vilevile, na maswali yako manne hayana alama za kuuliza. Nakala hiyo ni yako, iko ndani ya bahasha hii. Ile yenye matundu nimebaki nayo mimi, ni haki yangu.

Nikueleze kilichotokea, si kwa kujitetea. Barua yako ilipofika watu walikuwa wamekwisha kutawanyika. Niliifungua mezani, nikasoma maneno yale matatu ya kwanza, nikashindwa kuvuta pumzi. Mkono ukatafuta kitu unachokijua. Nikapiga mstari wa kwanza, nikaweza kupumua kidogo. Nikapiga wa pili. Ndivyo nilivyoweza kuisoma mpaka mwisho, kwa kuisahihisha. Nilipojumlisha nikaona kumi na moja, nikajiambia mtoto anaendelea vizuri, zamani angepata saba. Nilidhani nakutumia sifa, Chiriku. Niliipeleka posta siku ileile. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, ila hawakutuambia kitu kuhusu kalamu.

Nilikukosea. Nisamehe. Na ndiyo, nililia, lakini nililia baada ya bahasha kuondoka.

Sasa nakujibu.

Uliuliza kama Mama aliumwa sana. Siku mbili za kwanza, ndiyo, sitakudanganya. Siku ya tatu maumivu yalimwacha. Alikunywa chai nusu kikombe akanigombeza kwamba haina sukari, na mimi nilikuwa nimetia vijiko vitatu. Aliondoka mchana, dirisha likiwa wazi, mimi nimemshika mkono.

Uliuliza kama alikutaja. Alikutaja kila siku. Alisema, mwambie Chiriku asije nyumbani akapoteza karatasi zake, mimi nitakuwa nimeshaondoka hata hivyo. Mwambie sina kinyongo naye, ale vizuri na avae vitu vizito. Maneno hayo alinipa mimi nikufikishie. Nimeyakalia miaka minne. Hilo linanichoma kuliko yote, na leo nimeyafikisha.

Uliuliza nani atakaa kwenye kiti chake. Hakukaa mtu. Kaka yako alijaribu mara moja nikamfukuza. Baada ya kusoma ulichomweleza yule mtu wa mtihani nilikivuta mpaka mezani, na barua hii naiandika nikiwa nimekikalia. Kinaumiza mgongo. Waya wa kaka yako unachoma paja. Sijui mama yako alikivumilia vipi, wala hakuwahi kulalamika.

Swali lako la nne lilikuwa kama unaweza kuendelea kuniandikia, ingawa Kiingereza chako ni kibaya.

Ndiyo, mwanangu. Andika kwa lugha yoyote na makosa yoyote. Mlango nauacha wazi tangu asubuhi, kwa sababu hodi ya jirani siisikii. Ukiandika, nitakujibu.

Baba